Kwa nini Waisraeli walimrudia Baali?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili, darasa la vijana. Tulipokuwa tunasoma habari za Eliya, kijana mmoja aliniuliza: "Kama Baali alikuwa sanamu tu, mbona Waisraeli walimrudia kila mara, hata baada ya kuvuka bahari na kula mana?" Nilimjibu kwamba ni ukaidi wa mioyo. Niliona jibu halikumtosha, na kusema kweli mimi pia halikunitosha. Huyu Baali alikuwa nani kwa wale waliomwabudu? Na wao wenyewe waliacha maandishi yoyote, au tunawajua kwa maneno ya maadui wao tu?

JIBU: Mwalimu, kijana wako ana haki ya kutoridhika. Ukisema watu walikuwa wakaidi umeeleza tabia yao, lakini hujaeleza walichokuwa wanakitafuta. Nikitakiwa kujibu kwa neno moja, nitasema: mvua. Ila neno hilo moja linahitaji kufunguliwa, kwa hiyo nivumilie.

Tuanze na ardhi yenyewe. Misri ilikuwa na Nile. Mkulima alisubiri mto ufurike, ukishuka anapanda. Babeli ilikuwa na Frati na Tigri, na watu walichimba mifereji. Kanaani haikuwa na mto wa namna hiyo. Yordani unapita chini kabisa bondeni, na mashamba mengi yako juu vilimani. Mvua huanza Oktoba au Novemba, huisha karibu na Aprili, na kuanzia Mei hadi Septemba mbingu hufungwa kabisa. Mvua za mwanzo zikichelewa, udongo haulimiki. Za mwisho zikikatika mapema, nafaka inakauka kabla haijajaza suke. Kumbukumbu la Torati 11:10-12 inalisema wazi: nchi mnayoiendea si kama Misri mliyoimwagilia kwa mguu, hii hunywa maji ya mvua ya mbinguni. Wengi huisoma aya hiyo kama sifa ya nchi nzuri. Mimi naisoma pia kama onyo: mnaingia mahali ambapo mtaishi kwa kutazama juu.

Sasa mfikirie mtu ambaye baba zake walikuwa wafugaji wa nyikani, amefika vilimani, ameshika jembe kwa mara ya kwanza. Anamuuliza jirani yake aliyelima hapo vizazi na vizazi: mnapanda lini, mnapanda nini, mnafanya nini mvua ikigoma? Jirani anamjibu yote kwa pamoja, mbegu na sadaka, kwa sababu kwake hayo mawili hayakuwahi kutenganishwa. Mungu wa mvua wa nchi hiyo anajulikana. Ni Hadadi, anayeitwa kwa cheo chake Baali, yaani bwana.

Kuhusu maandishi: ndiyo, yapo, na habari ya kupatikana kwake ni ya ajabu. Kwa karne nyingi tulikuwa na Biblia upande mmoja, na upande mwingine vipande vya Filo wa Byblos, Mfoinike aliyeandika kwa Kigiriki wakati wa Warumi, ambavyo navyo vimebaki kwa sababu Eusebio, askofu wa Kaisaria, alivinukuu ili kuvipinga. Kisha mwaka 1928 mkulima mmoja alikuwa analima karibu na ghuba ya Minet el-Beida, pwani ya Syria kaskazini ya mji wa Latakia, jembe lake likagonga jiwe lililofunika kaburi la kale. Mwaka uliofuata Wafaransa wakiongozwa na Claude Schaeffer wakaanza kuchimba kwenye kilima cha Ras Shamra hapo jirani, na mwezi Mei 1929 wakaibua vibao vya udongo vyenye alama zilizochapwa kwa kalamu ya tete. Mwandiko ulifanana na wa Babeli kwa sura tu. Alama zake zilikuwa 30, alfabeti kamili. Hans Bauer, Édouard Dhorme na Charles Virolleaud waliufumbua katika muda wa mwaka mmoja hivi. Mji uliokuwa chini ya kilima kile ulikuwa Ugarit, bandari tajiri iliyoteketea karibu mwaka 1185 K.K.

Lazima nikutahadharishe hapa. Ugarit iko kaskazini ya Kanaani ya Biblia, na wenyeji wake hawakujihesabu Wakanaani. Orodha yao moja inamtaja Mkanaani miongoni mwa wageni. Tena vibao hivyo vilizikwa kabla Daudi hajazaliwa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba mkulima wa Samaria wakati wa Ahabu aliamini neno kwa neno yaliyoandikwa Ugarit. Lakini miungu ni ileile, majina ni yaleyale, lugha ni ndugu ya Kiebrania, na hata mafungu ya mashairi yanalingana. Ni kama kumsikia shangazi akisimulia mambo ya ukoo ambayo nyumbani kwenu yalifichwa.

Kichwa cha miungu wa Ugarit ni El. Ni mzee mwenye ndevu za mvi, anaitwa Fahali, Baba wa wanadamu, Mwumba wa viumbe, Mpole, Mwenye huruma. Anakaa mbali, kwenye chemchemi za mito miwili, na miungu wengine wakitaka jambo kubwa hufunga safari kwenda kumwinamia na kuomba ruhusa. Mkewe ni Athirat, ambaye Biblia inamwita Ashera, Bibi wa Bahari, mama wa wana 70 wa kimungu. Wote hukutana katika baraza. Ukisoma Zaburi 82, Mungu anasimama katika kusanyiko la kimungu na kuwahukumu miungu, utaona mshairi wa Israeli alijua fika baraza la namna hiyo linavyoonekana.

Baali yuko tofauti. Ni kijana, ni mpiganaji, anaitwa Mpanda Mawingu, na makao yake ni mlima Sapanu, ambao Biblia inauita Safoni. Leo unaitwa Jebel Aqra, upo kwenye mpaka wa Uturuki na Syria, unapanda kutoka ufukweni hadi zaidi ya mita 1,700, na mawingu ya baharini hujikusanya kileleni pake. Ukisimama Ugarit unauona upeoni. Katika jumba la Louvre, Paris, lipo jiwe lililochongwa lililotoka Ugarit: Baali anapiga hatua, mkono wa kulia umeinua rungu, wa kushoto umeshika mkuki wenye ncha chini na mpini uliochipuka juu kama mmea. Radi inayoshuka na kuotesha. Imani yote imo ndani ya jiwe lile moja.

Na si wakulima peke yao waliomhitaji. Kwenye mabaki ya hekalu lake Ugarit zimekutwa nanga za mawe, zilizowekwa kama nadhiri. Mabaharia waliookoka dhoruba, au waliotaka kuokoka nayo, walimpelekea yeye aliyetawala upepo.

Kisasili kikubwa cha Baali kimeandikwa kwenye vibao sita, kwa mkono wa mwandishi aitwaye Ilimilku, ambaye aliweka jina lake mwishoni na kumtaja mfalme wake, Niqmaddu. Vibao vimevunjika pengi, lakini mkondo wa hadithi unafuatika, nami naomba uusome kwa utulivu kwa sababu majibu ya kijana wako mengi yamo humo.

Kwanza anakuja Yam, yaani Bahari, ambaye pia anaitwa Hakimu Mto. Anatuma wajumbe kwenye baraza la El wakidai Baali atolewe awe mtumwa. Miungu waliokuwa wanakula wanainamisha vichwa magotini kwa hofu. El anakubali kumtoa. Baali peke yake anasimama kwa ghadhabu. Ndipo Kothar-wa-Hasis, fundi wa miungu, anayefanya kazi zake Krete na Memfisi, anamtengenezea marungu mawili na kuyapa majina, na kila rungu linaposemeshwa linaruka kutoka mkononi mwa Baali. La kwanza, Yagrush, linampiga Yam kifuani, asianguke. La pili, Ayamur, linampiga katikati ya macho, naye anaanguka chini. Bahari imewekewa mpaka.

Zingatia kwamba aliyeshindwa si shetani na aliyeshinda si mwema kwa maana tunayoizoea. Ni nguvu mbili za dunia. Watu wa pwani wanaijua bahari inayomeza, na wanamtaka mungu atakayeizuia isivuke fungu lake.

Baada ya ushindi Baali hana nyumba, na mfalme asiye na nyumba si mfalme. Dada yake Anat anakwenda kwa El kwa vitisho, anamwambia baba yake kwamba atazitapakaza mvi zake damu asipokubali. Huyu Anat ni wa kutisha kweli: sehemu moja inamwonyesha akipigana hadi anatembea ndani ya damu ya mashujaa iliyofika magotini, vichwa vya waliouawa vimefungwa mgongoni, na anacheka. El anamjibu bila kupandisha sauti, kwamba anamjua binti yake alivyo. Vitisho havikufua dafu. Kilichofanikisha ni Athirat kutandikiwa punda na kwenda mwenyewe kwa mumewe. El anapomwona anacheka, anaegemea, anamuuliza kama ana njaa au kiu, anamkaribisha ale na anywe. Ndipo anasema: nyumba ya Baali na ijengwe. Napenda sana sehemu hii. Inaonyesha kwamba hata ufalme wa mvua ulihitaji idhini ya mzee.

Nyumba inajengwa kwa fedha na dhahabu. Moto unawaka ndani yake siku sita, na ya saba madini yamekuwa matofali. Fundi anataka kuweka dirisha. Baali anakataa, wanabishana, mwishowe anakubali. Kwa nini mshairi anakaa mno kwenye dirisha? Kwa sababu likifunguliwa, mawingu yanapasuka, Baali anatoa sauti yake takatifu, nchi inatetemeka na mvua inashuka. Chukua Zaburi 29 uiweke kando ya sehemu hii: sauti ya Bwana juu ya maji, sauti inayovunja mierezi ya Lebanoni, inayoitetemesha nyika. Miti ni ya kwao, milima ni ya kwao. Aliyebadilika ni mwenye sauti.

Kisha anakuja Mot, na jina lake ni Mauti. Hana rungu wala jeshi, ana koo. Mdomo wake mmoja uko duniani, wa pili uko mbinguni, na ulimi wake unafika kwenye nyota. Baali anapotuma wajumbe kwake anawaonya wasimkaribie, asije akawaweka kinywani kama mwanakondoo. Na Baali, aliyeishinda bahari, anapoitwa na Mot hapigani. Anajibu: mimi ni mtumwa wako. Anaagizwa ashuke shimoni na achukue vyote vilivyo vyake: mawingu yake, upepo wake, mvua zake, na binti zake Pidray na Tallay, ambaye jina lake linatokana na umande. Habari inafika kwa El kwamba Baali amekufa. El anashuka kwenye kiti, anakaa chini kwenye mavumbi, anajimwagia mchanga kichwani, anavaa nguo ya msiba, anajichanja mashavu na kifua kwa jiwe. Anat naye anafanya vivyo hivyo, anazunguka milimani akimtafuta, kisha anamzika kileleni Sapanu.

Nani atakalia kiti? Wanamjaribu Athtar. Anapanda, anakaa, miguu yake haifiki kwenye kiti cha kuwekea miguu na kichwa chake hakifiki ncha ya juu. Anashuka mwenyewe. Wakati huo jua, ambalo kwao ni mungu wa kike aitwaye Shapash, linaunguza, na mbingu zimechoka mkononi mwa Mot.

Anat anamkamata Mot. Anampasua kwa upanga, anampepeta kwa ungo, anamchoma kwa moto, anamsaga kwa mawe, anamtawanya shambani ndege wamle. Kila mkulima aliyesikiliza alizijua kazi hizo, maana ndizo zinazofanyiwa nafaka. Usiku El anaota mbingu zinanyesha mafuta na makorongo yanatiririka asali, naye anaamka na kupiga kelele za furaha: Baali yu hai. Hata hivyo Mot hakuisha. Mwaka wa saba anarudi kudai, wanapigana wakigongana kama mafahali na kuumana kama nyoka, hakuna anayemshinda mwenzake, mpaka Shapash anamwonya Mot kwamba El ataking'oa kiti chake. Mot anaogopa, anarudi nyuma. Pambano limesimamishwa, halikumalizika.

Vitabu vingi vitakuambia kwamba hadithi hii ni kalenda: Baali anakufa kila kiangazi, anafufuka kila vuli. Mimi siikubali kwa urahisi huo. Kiangazi cha Kanaani ni cha kawaida, kila mtu anakijua, na ndicho kinachoivisha zabibu na tini. Hakuna aliyevaa nguo ya msiba kwa sababu Julai haikunyesha. Tena hadithi inataja mwaka wa saba. Kinachoogopwa ni ule mwaka ambao vuli inafika na wingu halitokei, na mwaka unaofuata hivyohivyo. Katika shairi jingine la Ugarit, Danel, baada ya mwanawe Aqhat kuuawa, anatamka laana: miaka saba Baali apungue, minane Mpanda Mawingu, pasiwe umande, pasiwe mvua. Hofu yao iko hapo. Na ilikuwa na msingi: kati ya barua zilizokutwa Ugarit za miaka yake ya mwisho imo moja kutoka Wahiti inayotaka nafaka ipelekwe kwa meli haraka, na inasema ni jambo la kufa au kupona.

Sasa mrudie Eliya. Soma 1 Wafalme 17:1 tena: hakutakuwa umande wala mvua. Ni maneno yaleyale ya laana ya Danel, umande na mvua, na yanatupwa usoni pa Ahabu, mume wa Yezebeli, binti wa mfalme wa Wasidoni. Kisha, kijito cha Kerithi alikojificha kwanza kilipokauka, Mungu anamtuma Eliya wapi? Sarepta, ulio wa Sidoni, nchi ya Baali mwenyewe. Huko kuna mjane anayeokota kuni apike mkate wa mwisho afe, na huko ndiko unga na mafuta havikupungua, na mtoto aliyekufa akarudishiwa uhai. Kila hatua ni dai: unga ni wangu, mafuta ni yangu, hata mlango wa Mot ni wangu, tena nyumbani kwenu.

Pale mlima Karmeli, kwenye shindano la kuona mungu yupi atashusha moto juu ya sadaka, manabii 450 wa Baali wanajikatakata kwa visu mpaka damu inabubujika. Tumezoea kuliona jambo hilo kuwa wazimu. Lakini umeona El na Anat walivyofanya Baali alipokufa. Nadhani watu hawa walikuwa wanafanya maombolezo ya kweli. Mvua imekosekana mwaka wa tatu. Kwa imani yao bwana wa mvua ameshuka shimoni, nao wanamlilia kama miungu walivyomlilia. Eliya anapowaambia pengine amesafiri, pengine amelala, anagusa kidonda chenyewe. Na simulizi haiishii kwenye moto. Inaishia kwenye wingu dogo kama mkono wa mtu likipanda kutoka baharini, na mvua kubwa. Moto ulithibitisha, lakini shauri lililokuwa mezani tangu mwanzo lilikuwa la mvua.

Kwa hiyo mwambie kijana wako kwamba Waisraeli wengi hawakuona kama wamemwacha Mungu aliyewatoa Misri. Walimwona kuwa mungu wa vita na wa nyika, wakamwachia hayo, na shamba wakalipeleka kwa mwenye shamba. Wengine walichanganya tu. Baba yake Gideoni alikuwa na madhabahu ya Baali nyumbani, na Gideoni alipoibomoa usiku, watu wa mji wake mwenyewe ndio waliotaka kumuua. Sauli, mfalme aliyetiwa mafuta na Samweli, alikuwa na mwana aitwaye Eshbaali. Hosea 2:8, ikimsema Israeli kama mke, inaliweka wazi: hakujua ya kuwa ni mimi niliyempa nafaka na divai na mafuta. Ugomvi wa manabii ulikuwa juu ya nani amshukuru nani kwa mavuno.

Ashera naye usimsahau, hasa kwa wasichana darasani. Kule Kuntillet Ajrud, kaskazini ya Sinai, wachimbaji wa miaka ya 1970 walikuta mitungi mikubwa ya karibu mwaka 800 K.K. iliyoandikwa baraka kwa jina la Yahwe wa Samaria, yaani Mungu wa Israeli, na Ashera wake. Wataalamu wanabishana kama Ashera huyo ni mungu wa kike au ni nguzo ya ibada. Kwa vyovyote, mtu aliyeandika aliona hakuna ubaya kuwataja pamoja. Na Biblia haifichi: 2 Wafalme 23 inasema Yosia aliitoa Ashera ndani ya hekalu la Yerusalemu lenyewe, na humo walikuwamo wanawake waliomfumia mapazia.

Kuna sehemu moja ambayo naiona ni muhimu kuliko zote kwa swali lako, nayo husomwa kwa nadra. Ni Yeremia 44. Yerusalemu umeanguka, mabaki ya watu wamekimbilia Misri, na Yeremia anawakemea kwa kumfukizia uvumba Malkia wa mbinguni, mungu wa kike. Wanamjibu uso kwa uso. Wanasema: tulipokuwa tukimfukizia, sisi na baba zetu na wafalme wetu, tulikuwa na chakula tele, tukawa na heri. Tangu tulipoacha tumepungukiwa na kila kitu, tumekwisha kwa upanga na njaa. Hapo huwezi kusema ni watu wasiofikiri. Wana hesabu yao, imetoka kwenye maisha yao, na Yeremia ana hesabu nyingine ya matukio yaleyale. Kijana wako anastahili kuzisikia zote mbili.

Utaulizwa pia kuhusu watoto waliopitishwa motoni. Sipunguzi uzito wake. 2 Wafalme 3 inamwonyesha mfalme wa Moabu akimtoa mwanawe juu ya ukuta, na Yeremia 7 inawashitaki watu wa Yuda wenyewe kwa mambo ya bonde la Hinomu. Kartago, koloni la Wafoinike katika Tunisia ya leo, kuna makaburi yenye vyungu vya mabaki ya watoto wachanga na wanakondoo waliochomwa, na mabishano kuhusu maana yake yanaendelea. Lakini orodha za sadaka za Ugarit ni za kondoo, ng'ombe, ndege, divai na mafuta. Usifundishe kwamba kila aliyemwomba Baali alichoma mtoto. Kadhalika zile habari za ukahaba wa hekaluni unazozikuta kwenye vitabu vya zamani vya mafunzo: ushahidi wake ni mwembamba mno, na mimi nimeacha kuzitumia.

Na kama darasa lina nafasi, wasomee mambo mawili kutoka Ugarit yasiyo na vita. La kwanza ni wajibu wa mwana mwema katika shairi la Aqhat: amsimamishie baba jiwe la ukumbusho wa mizimu ya ukoo, amfungie mdomo anayemtukana, amshike mkono akilewa, ampake udongo paa lake siku ya matope, amfulie nguo. La pili ni shairi la mfalme Kirta. Akiwa mgonjwa, mwanawe anamjia na kumwambia ashuke kwenye kiti kwa sababu hahukumu kesi ya mjane, hamlishi yatima. Kirta anamlaani kwa kutaka kiti, lakini shitaka lenyewe limebaki kwenye udongo, na Isaya angelitambua mara moja. Watu hawa walijua haki ni nini.

Ikiwa baadhi ya vijana wako wana marafiki Waislamu, waambie wawaulize kuhusu Nabii Ilyas. Sura ya 37, As-Saffat, inamtaja akiwauliza watu wake iwapo wanamwomba Baali na kumwacha mbora wa waumbaji. Shauri ni lile la Karmeli.

Kwa somo lijalo ningefuata mpango huu: Kumbukumbu 11:10-17 kwanza, ili waione ardhi, halafu Hosea 2, halafu 1 Wafalme 17 na 18 kwa mfululizo bila kuruka Sarepta, mwisho Yeremia 44:15-19, ukimpa kijana mmoja asome sehemu ya wale waliomjibu Yeremia kwa sauti, asimame upande wao na kuwatetea kadiri awezavyo, kabla hujamruhusu mwingine yeyote amjibu.